Mwanafunzi akianguka moyo ukasimama, nani shuleni anajua la kufanya?

 

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la madaktari peke yao, ilhali ni letu sisi walimu, wazazi na viongozi wa misikiti. Nalo ni la mtoto anayeanguka ghafla uwanjani au darasani, moyo wake ukasimama. Katika nchi kadhaa shule sasa zimewekewa mashine ndogo ya kushtua moyo, ambayo madaktari huiita difibrileta, na juu ya boksi lake huandikwa herufi AED. Tuitazame mashine hii, tuone wenzetu wamejifunza nini kwayo, kisha tujiulize dini yetu inatutaka tufanye nini, hasa pale ambapo mashine yenyewe hatuna.

MOYO KUSIMAMA GHAFLA NI NINI?

Wengi tukisikia moyo umesimama hufikiri ni maradhi ya wazee wenye presha na kisukari. Ni kweli kwamba kwa watu wazima chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo kuziba. Lakini kwa vijana sababu huwa nyingine. Yuko mtoto aliyezaliwa na misuli ya moyo iliyo minene kupita kiasi. Yuko mwenye hitilafu katika umeme wa moyo, hitilafu isiyoonekana kwa macho. Na yuko mzima kabisa ambaye mpira mgumu umempiga kifuani katika nukta mbaya ya mapigo ya moyo. Wote hao wanaweza kuamka wazima, wakanywa chai, wakabeba mikoba yao na kwenda shule.

Moyo huendeshwa na umeme mdogo ambao Allah (s.w.) ameuweka ndani yake. Umeme huo ukivurugika, moyo haupigi tena bali hutetemeka tu, mfano wa nyama iliyochinjwa sasa hivi. Damu haisukumwi, ubongo haupati hewa, na mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Kila dakika inayopita bila moyo huo kushtuliwa, matumaini ya kupona hupungua kwa kiasi cha asilimia 7 hadi 10. Hesabu mwenyewe: baada ya dakika 10 kinabaki nini? Na gari ya wagonjwa katika miji yetu, kwa foleni hizi tunazozijua, itafika baada ya dakika ngapi?

Wapenzi wa soka wanayajua haya. Juni 26, 2003 mchezaji wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, na akafariki. Machi 17, 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka jijini London akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa mara 15, na kwa idhini ya Allah yu hai, ingawa aliacha mpira. Juni 12, 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen, akakandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa mashine, na baadaye alirudi kucheza. Hapa kwetu wengi wanakumbuka Disemba 2016, pale kijana wa Mbao FC alipoanguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kwenye mechi ya vijana chini ya umri wa miaka 20, akafariki dunia. Hawa walikuwa wanariadha. Wala ujana wala mazoezi si kinga.

MASHINE INAFANYA NINI?

Kumbukumbu za tiba zinaonesha kuwa binadamu wa kwanza kuokolewa kwa kushtuliwa moyo alikuwa na umri wa mwanafunzi. Mwaka 1947 mjini Cleveland, Marekani, daktari Claude Beck alimshtua mvulana wa miaka 14 ambaye moyo wake ulisimama wakati wa upasuaji, naye akapona. Mwaka 1965 daktari Frank Pantridge wa Belfast alitengeneza mashine ya kubebwa ndani ya gari. Ilitumia betri za gari na uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 70. Leo mashine ya aina hii hubebwa kwa mkono mmoja kama mkoba wa mwanafunzi.

Ukiifungua na kuiwasha, inazungumza. Inakuamuru hatua kwa hatua. Ina vibandiko viwili: kimoja hubandikwa chini ya mfupa wa bega upande wa kulia wa kifua, na kingine ubavuni upande wa kushoto, chini ya kwapa. Mashine yenyewe husoma mwenendo wa moyo. Ikikuta moyo unatetemeka, inaamuru kila mtu asogee, kisha inatoa mshtuko. Ikikuta moyo hauhitaji mshtuko, haitoi. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba nitamuua kwa umeme haina msingi.

Je, ni lazima awe daktari? La. Mwaka 2000 ulichapishwa Marekani utafiti mashuhuri uliofanywa katika majumba ya kamari, ambako walinzi wa kawaida walifundishwa kutumia mashine hizi. Miongoni mwa walioanguka mbele ya watu na kushtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliocheleweshwa zaidi ya dakika tatu walipona asilimia 49. Sisi tunajua hukumu ya kamari. Lakini tujiulize kwa haya: ikiwa mwenye nyumba ya kamari amejali uhai wa wateja wake kiasi hicho, mwenye shule aliyekabidhiwa amana ya watoto wa Waislamu atajibu nini?

MASHULE YA WENZETU

Machi 2000, katika jimbo la New York, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa golikipa katika mchezo wa lakrosi alipigwa na mpira kifuani. Alikuwa amevaa kinga, lakini moyo ulisimama na akafariki. Wazazi wake hawakuishia kwenye msiba. Walikwenda kwa wabunge, na mwaka 2002 ikapitishwa sheria inayozitaka shule za umma za jimbo hilo ziwe na mashine hizi, pamoja na watu waliofundishwa kuzitumia katika michezo.

Nchini Uingereza, Machi 2011, mvulana wa miaka 12 alifariki mjini Liverpool wakati wa mashindano ya kuogelea shuleni. Baba yake alipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 serikali ikakubali kuzipelekea shule za umma za England mashine hizo, na kufikia mwaka 2023 zaidi ya 20,000 zilikuwa zimegawiwa kwa karibu shule 18,000. Kabla ya hapo, tangu Septemba 2020, huduma ya kwanza ilikuwa imeingizwa katika masomo ya lazima ya afya, na wanafunzi wa sekondari hufundishwa kukandamiza kifua.

Lakini tukio lenye somo kubwa zaidi kwetu ni la Japani. Raia wa kawaida wa nchi hiyo waliruhusiwa kutumia mashine hizi tangu mwaka 2004, na shule nyingi zikazinunua. Septemba 2011, mjini Saitama, binti wa darasa la sita, mwenye umri wa miaka 11, alianguka baada ya mazoezi ya mbio. Mashine ilikuwepo shuleni. Walimu walikuwepo. Lakini binti alikuwa akivuta pumzi kwa kukatakata, na walimu wakadhani anapumua. Wakambeba hadi chumba cha afya wakisubiri gari ya wagonjwa. Kwa muda wa takriban dakika 11 hakukandamizwa kifua, wala mashine haikufunguliwa. Siku iliyofuata alifariki.

Zile pumzi za kukatakata, mfano wa mtu anayekoroma au samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Ni dalili ya moyo uliosimama. Mwaka mmoja baadaye bodi ya elimu ya Saitama, ikishirikiana na wazazi wa binti huyo, ilitoa mwongozo uliopewa jina lake, ASUKA. Msingi wake ni huu: ukiwa na shaka kama anapumua au hapumui, chukulia kuwa moyo umesimama, anza kukandamiza na leta mashine.

Ndugu msomaji, hapa pana funzo kwa sisi tunaopenda kuzindua vitu. Mashine ukutani bila elimu kichwani haiokoi mtu.

PINGAMIZI ZETU

Ukilizungumza jambo hili miongoni mwa Waislamu utasikia pingamizi kadhaa. Tuzitazame moja moja.

La kwanza ni la kadari: ajali yake imefika, tufanye nini? Ni kweli ajali iko mikononi mwa Allah peke yake. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu lake, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, lilikuwa kwamba wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari nyingine ya Allah. Kuanguka kwa mtoto ni kadari, na mwalimu aliyefundishwa kumuokoa naye ni kadari. Hatuijui ajali ya mtoto mpaka tuwe tumefanya wajibu wetu. Anayekaa akisubiri kisha akamsingizia Allah uzembe wake, huyo hajatawakali.

La pili ni la majini na kifafa. Mwanafunzi akianguka, hasa wa kike, maneno ya kwanza ni kwamba amepandisha. Watu humzunguka, mmoja anasoma, mwingine anatafuta maji. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo jema, hatulipingi. Lakini moyo ukisimama mwili unaweza kutikisika kwa sekunde chache kama mwenye kifafa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: mwite, mtikise mabega, tazama kama anapumua sawasawa. Aliyepandisha anapiga kelele na anapumua. Asiyejibu na asiyepumua sawasawa huyo anakandamizwa kifua kwanza, na dua itasomwa na asiyekandamiza.

La tatu, na ndilo zito, ni la sitara. Vibandiko vya mashine hubandikwa juu ya ngozi. Je, mwalimu wa kiume amfungue kifua binti wa Kiislamu mbele ya watu? Tusidhani haya ni tatizo letu peke yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walichapisha mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Japani walioanguka shuleni. Katika shule za sekondari ya juu, takriban asilimia 83 ya wavulana walibandikwa vibandiko kabla ya gari ya wagonjwa kufika, lakini wasichana walikuwa takriban asilimia 56 tu. Watu waliona haya, na wasichana ndio waliolipa gharama ya haya hizo.

Sheria ya Kiislamu imekwishaliamua jambo hili karne nyingi zilizopita. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria, na kanuni inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqh ni kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa. Bukhari amepokea kutoka kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) kwamba yeye na wanawake wenzake walikuwa wakitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina. Wanawake hao waliwagusa wanaume wasio maharimu wao, kwa kuwa damu ilikuwa ikimwagika. Basi akikosekana mwanamke aliye tayari, mwanamume asisite hata nukta moja.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina pacha wake: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Haihitajiki kumvua binti nguo zote. Hufunguliwa pale panapobandikwa tu. Vibandiko vikishakaa juu ya ngozi, mfunikeni kwa kanga au mtandio, kwani mashine hufanya kazi chini ya nguo. Wanafunzi wengine wasimame duara wakiwa wamegeuza migongo, na atakayetoa simu kupiga picha ahesabiwe kuwa ametenda kosa kubwa. Kumsitiri binti na kumuokoa vinawezekana kwa pamoja. Lakini kumzika akiwa amesitirika, ilhali angeweza kuishi, huko siyo kumhifadhi.

La nne ni hofu ya lawama: nikimvunja mbavu je, akifia mikononi mwangu je? Asiyepumua na ambaye moyo wake umesimama tayari yuko katika hali ya kufa. Hakuna unaloweza kumzidishia. Mbavu huungwa. Na Qur'an katika Suratut Tawba (9:91) imeweka msingi kuwa watenda wema hawana njia ya kulaumiwa.

SOMO LENYEWE

Sasa tufike kwenye lile linaloweza kuanza kesho katika shule na madrasa zetu, bila ya kusubiri mfadhili.

Kwanza, hakikisha pahala ni salama, mwite kwa sauti na mtikise mabega. Asipojibu, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapumui, au anapumua kwa kukatakata? Moyo umesimama.

Pili, paza sauti. Usiseme jamani saidieni, kwani kila mtu atamtazama mwenzake. Taja kwa jina: wewe fulani piga simu ya hospitali, wewe fulani tafuta gari, wewe fulani leta mashine kama ipo.

Tatu, mlaze chali juu ya pahala pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha mikono na kandamiza kwa nguvu. Kwa mtu mzima, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Kwa mtoto, kiasi cha thuluthi moja ya unene wa kifua chake. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza kiache kifua kirudi juu kabisa. Aliyefundishwa apulize pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Jambo hili lina umuhimu zaidi kwa watoto, na hasa kwa aliyetolewa majini. Asiyefundishwa akandamize tu, asisimame.

Nne, mashine ikifika, iwasheni mara moja na kuitii. Kifua chenye maji au jasho kifutwe kwanza. Ikisema msimguse, msimguse. Baada ya mshtuko rudini kukandamiza palepale.

Tano, badilishaneni kila baada ya dakika mbili, kwani mkandamizaji huchoka na kifua huacha kushuka inavyopasa. Msiache mpaka mtoto apumue au waganga wampokee.

Hatua tatu za mwanzo hazihitaji hata shilingi. Nazo ndizo zinazouweka ubongo hai mpaka msaada ufike. Shule isiyo na mashine haina udhuru wa kutojua haya.

WAJIBU WA NANI?

Wanazuoni wametufundisha kuwa elimu ya tiba ni faradhi ya kutoshelezana: wakiijua baadhi, wengine husalimika, na isipojulikana na yeyote, jamii nzima hupata dhambi. Tuipime shule yetu kwa mizani hiyo. Je, yupo hata mmoja miongoni mwa walimu, mlinzi, mpishi na mwalimu wa michezo anayejua kukandamiza kifua? Kama hayupo, basi jambo hili linatuhusu sote.

Bodi za shule na seminari zetu ziwaalike wakufunzi wa Msalaba Mwekundu au wauguzi Waislamu walio katika misikiti yetu, ambao hawakosekani. Saa chache zinatosha kuwafundisha walimu, na mafunzo yarudiwe kila mwaka. Wanafunzi wa sekondari nao wafundishwe. Denmark imeyafanya mafunzo haya kuwa ya lazima shuleni tangu mwaka 2005, na wale waliomzunguka na kumsitiri Eriksen mwaka 2021 ni watu wa nchi hiyo. Walimu wanaopeleka timu UMITASHUMTA na UMISSETA wawe wa mwanzo. Mtoto anayezimia akiwa mbioni, au ambaye katika ukoo wake vijana wamekufa ghafla, asilazimishwe michezo mpaka apimwe moyo.

Ama mashine yenyewe, bei yake kwa kawaida huanzia kiasi cha dola 1,000 za Marekani kwenda juu. Si fedha ndogo, lakini si kubwa kuliko zulia jipya la msikiti wa Ijumaa. Shule mbili tatu na msikiti ulio jirani zinaweza kuchangia moja na kuifanya wakfu. Nani asiyetaka sadaka itakayoendelea yeye akiwa kaburini? Ila wakfu una msimamizi. Mashine hii betri yake huisha na vibandiko vyake hupitwa na muda, kwa hiyo atajwe mtu kwa jina wa kuikagua kila mwezi. Isiachwe juani wala kwenye gari lenye joto. Na isifungiwe kwa kufuli ndani ya ofisi ya mkuu wa shule, ambaye siku ya tukio atakuwa semina na ufunguo mfukoni. Ikae pahala inapoonekana, na kila mwanafunzi aonyeshwe.

Allah (s.w.) ametufundisha katika Suratul Maida (5:32) uzito wa kuihuisha nafsi moja, kwamba thawabu yake ni kama ya kuwahuisha watu wote. Aya hii tunaisoma sana kwenye mihadhara tunapowajibu wanaoutuhumu Uislamu kwa umwagaji damu. Ni wakati sasa tuisome pia kama kazi tuliyopewa. Mzazi atakayehudhuria mkutano wa shule mwezi huu anyooshe mkono aulize swali moja tu: mwanangu akianguka hapa leo, nani atamkandamiza kifua kabla ya dakika ya tatu? Asikubali kuondoka bila ya jibu lenye jina la mtu.

Wabillahi tawfiiq.